Mti na Chuma

Leo nataka kusema nanyi habari ya jambo ambalo kila seremala wa Mgwashi analijua mkononi mwake, ingawa si wengi waliokaa wakauliza sababu yake: kwa nini randa ile ile hupita juu ya podo bila taabu, na kesho yake hukwama katika mkulo?

Mti umejengwa kwa nyuzi nyembamba zilizolala pamoja toka mizizini hata matawini. Kuzitenga nyuzi hizo ni kazi nyepesi. Kuzikata kwa kuzivuka ni kazi nzito. Ndiyo maana meno ya msumeno wa kupasulia mbao hutiwa tupa yawe kama patasi ndogo, na meno ya msumeno wa kukatia gogo yawe kama visu. Mtu atumiaye mmoja kwa kazi zote mbili huulaumu msumeno bure.

Nyuzi za podo zimenyoka, basi huranda vizuri. Lakini ukipiga msumari karibu na ncha ubao hupasuka. Heri utoboe kwanza. Mkulo, ule wenye harufu ya kafuri, nyuzi zake hupishana: tabaka moja limeinamia kuume, la pili kushoto. Randa ikilala vema kwa moja, huing'oa ya pili. Nami nilipokuwa nikijifunza kazi niliharibu hivyo ubao wa mlango, ambao mjomba wangu alikuwa ameukausha miaka miwili. Hakunigombeza. Alipitisha kidole juu ya mashimo yale, akasema, "Mwanangu, ulisukuma, hukutazama." Kisha akanoa chuma cha randa upya, akakitokeza kidogo mno, akaipitisha mshazari, na mashimo hayakuongezeka.

Mvule utokao nchi ya chini una hila yake: ndani yake mara nyingine huwamo mawe ya chokaa, yaliyofanywa na mti wenyewe, yawezayo kuvunja meno ya msumeno. Mpingo nao huzama majini, kwa kuwa mita moja ya ujazo hupita kilo 1,000, na podo kavu haifiki mbali na 500. Mwenye kukereza mpingo hukwangua kidogo kidogo, na hunoa mara nyingi.

Kuna na maji. Mti mbichi ni laini, lakini unga wake mnyevu hushikamana na kuubana msumeno. Kwa hiyo meno yapanuliwe zaidi, hili kulia, hili kushoto. Ukiuranda mbichi hutoa manyoya, na ukikauka hupungua upana, urefu ukibaki karibu vile vile. Mlango wa ubao mbichi huingiza upepo kabla ya mwaka kwisha, na upepo wa milima hii mnaujua.

Ubao wa mjomba ulikatwa vipande, ukawa rafu ya vyombo. Mlango ukangoja miaka miwili mingine.