Filamu ya Muuaji na Mgonjwa wa Mtaani Kwetu

(Mawaidha kwa vijana baada ya taraweh, Kakamega)



Wazee wetu, mama zetu, vijana wenzangu. Tunamshukuru Allah (S.W.) aliyetufikisha tena mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Juzi vijana walikuwa wakibishana hapo nje kuhusu filamu ya zamani iitwayo Psycho. Mmoja akaniuliza, "Ustadh, nikiitazama na saumu, kuna ubaya?" Nikamwambia, ngoja, swali lako lina swali lingine ndani yake.

Filamu hiyo ilitengenezwa Marekani na Alfred Hitchcock, ikatoka mwaka 1960. Mwanamke anaiba dola 40,000, anatoroka, analala katika nyumba ya wageni ya kijana mpole, Norman Bates. Huko anauawa akioga. Mtazamaji anadhani muuaji ni mama yake Norman. Kumbe mama alikufa kitambo, na Norman ndiye anayevaa nguo zake na kuua! Mauaji yale ya bafuni hayafiki hata dakika moja, na ile damu ni rojo ya chokoleti, maana picha haina rangi. Ni ujanja wa kamera na muziki tu.

Hadithi ilitoka kwenye kitabu cha Robert Bloch cha mwaka 1959, na nyuma yake kuna muuaji wa kweli, Ed Gein, aliyekamatwa Wisconsin mwaka 1957. Mahakama ilimwona mgonjwa wa akili, na akafia hospitalini mwaka 1984.

Sasa shida ni hii. Kwa mtu mmoja kama huyo, filamu ngapi zimetufundisha kwamba kila mgonjwa wa akili amebeba kisu? Ukweli ni kwamba wengi wao hawamdhuru mtu. Mara nyingi wao ndio wanaodhuriwa.

Nikiri jambo. Nilipokuwa kijana, mtaani kwetu kulikuwa na jamaa aliyeugua, akawa anaongea peke yake. Sisi tukampa jina la muuaji wa sinema. Akipita tunakimbia, wengine wanarusha mawe. Nami nilirusha. Hakuwahi kumgusa mtu. Siku moja alirudi kwao akivuja damu kichwani, na ile haikuwa chokoleti. Mama yake akaanza kumfungia ndani. Alifariki kabla sijamwomba msamaha.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni asiye na akili mpaka apate fahamu. Mola hamwandikii dhambi, wewe unamwandikia ya nini? Hata sheria ya Kenya inatambua kwamba mtu anaweza kutenda kosa akiwa hana akili timamu, na mahakama humtazama kwa njia yake. Na Waislamu wa kale walijua hili. Hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo miaka ya 1280, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili.

Basi tufanye nini? Mwenye mgonjwa nyumbani asimfiche wala kumfunga kamba. Dua tusome, na hospitali twende. Hapa Kakamega tuna hospitali kuu ya kaunti. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ya saumu bila kumuuliza daktari, kwani Allah amempa mgonjwa ruhusa. Na futari ikiiva, mpelekee jirani huyo sahani, umsalimie kwa jina lake.

Kijana aliyeniuliza, jibu lako ni hili: filamu ile ina uchi na umwagaji damu, iache, hasa mwezi huu. Lakini hata usipoitazama, ukimwita mgonjwa "kichaa" ukacheka, saumu ya ulimi wako iko wapi?

Ya Allah, waponye wagonjwa wetu, na utusamehe mawe tuliyorusha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.