Tusomapo Kumbukumbu za Jenerali



Kitabu tunachokizungumzia kiliandikwa na Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki tangu 1914 hadi 1918. Alikitoa mwaka 1920.

Napenda kusema jambo moja tu. Kumbukumbu za jenerali ni taarifa ya mtumishi juu ya kazi yake mwenyewe. Nasi tuliozoea kazi za ofisini twajua jinsi taarifa ya namna hiyo isomwavyo: matokeo hayasifiwi kabla gharama hazijatazamwa.

Matokeo hayana ubishi. Novemba 1914, pale Tanga, askari wake wapatao 1,000 waliwarudisha baharini askari wapatao 8,000 walioletwa na Waingereza kutoka India. Baadaye alipigana huku akirudi nyuma, akavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala nchini Zambia. Wakati huo vita vya Ulaya vilikuwa vimesimama kwa wiki mbili. Shabaha yake haifichi: alitaka kuwashughulisha adui huku, wasipate kupelekwa Ulaya. Ndiyo kusema kwamba nchi hii iliunguzwa kwa ugomvi usiokuwa wake.

Tuje kwenye gharama. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa vijijini. Ugogo ilipatwa na njaa kubwa, ambayo wenyeji waliipa jina la Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi zaidi ya 90,000 wa upande wa Uingereza walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, wala si kwa risasi. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Je, ni wanafunzi wangapi wapitao sokoni hapo waliokwisha kuambiwa hivyo?

Ndugu walimu, sisemi kitabu hiki kitupwe. Kisomwe, kwani mna mengi ndani yake juu ya njia, mito, chakula na dawa za wakati ule. Lakini kisisomwe peke yake. Kila kinapofunguliwa darasani, pawepo karibu yake daftari la masimulizi ya wilaya ile ile: nani alichukuliwa, alibeba nini, alirudi au hakurudi. Maofisa utamaduni wana wajibu wa kusaidia kuyakusanya na kuyahifadhi.

Waliobeba mizigo ile wamekwisha kufariki wote, na watoto wao nao wanatutoka. Masimulizi yamebaki kwa wajukuu, ambao sasa ni wazee. Jenerali alikwisha kutoa taarifa yake zaidi ya miaka 100 iliyopita. Taarifa ya wapagazi tunadaiwa sisi, na muda wa kuilipa unakwisha.