Majivu ya Nyuklia Yatazikwa Wapi?



Baada ya wakazi wa Uyombo, Kilifi, kuupinga mtambo wa nyuklia, tangu 2025 Serikali inaitaja Siaya, ng'ambo tu ya Ghuba ya Winam kutoka kwetu Kosele. Lengo ni umeme ifikapo 2034. Mikutanoni tunasikia habari za ajira na barabara. Za majivu huachwa hadi watu wameanza kuulizia soda.

Majivu yenyewe wala si majivu. Ni vidonge vya urani, vigumu kama kigae, kila kimoja kama ncha ya kidole, vimepangwa ndani ya mirija mirefu kuliko mlango. Vikitoka kinuni vina joto na mionzi ya kuua, hivyo hukaa majini miaka kadhaa kwanza. Plutoni iliyomo huchukua miaka 24,000 kupungua nusu tu.

Ufini wamechimba kaburi la taka hizo, liitwalo Onkalo, katika kisiwa cha Olkiluoto, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba wenye umri wa karibu miaka bilioni 2. Mafuta yaliyotumika, yaani vidonge hivyo vikishatoka kinuni, yatatiwa kwenye makasha ya shaba, na makasha yatazungushiwa udongo uitwao bentonaiti. Udongo huo ni ndugu wa ule mweusi wa nyanda za Kano. Kiangazi unapasuka hadi mguu wa ndama unazama. Mvua ikinyesha unavimba, nyufa zinajifunga. Kule chini, maji yakipenya, nao utavimba uzibe njia. Udongo ulio balaa kwa dereva wa matatu ndio tegemeo lao.

Hata Afrika ina ushahidi kwamba mwamba unaweza kuzishika taka hizi. Mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba huko Oklo, Gabon, karibu miaka bilioni 2 iliyopita, urani iliwaka yenyewe ardhini kama kinu. Plutoni iliyozaliwa humo haikusogea mbali.

Je, huku kwetu? Miamba ya dhahabu ya Migori ni mikongwe kuliko ya Ufini. Lakini ukongwe peke yake hautoshi. Tawi la Bonde la Ufa limepita katika ghuba hii, Mlima Homa ni volkano iliyozimika, na kandokando yake bado kuna chemchemi za maji moto. Mwamba wa kuzikia taka hutakiwa uwe umetulia, na maji yasipite kwa urahisi.

Kwa hiyo mtu akija na lugha ya "mahali pa mbali", muulizeni: mbali na nani? Kuwa mbali na Nairobi si sifa ya mwamba. Eurajoki, manispaa iliyo na Onkalo, ilikuwa na haki ya kisheria ya kukataa. Baraza lake lilikubali mwaka 2000, likijua lingeweza kusema hapana. Nguvu hiyo ndiyo ninayoionea wivu, kuliko hata uhandisi wao.

Wapo watakaosema taka zitarudishwa kwa muuzaji, kama Urusi ilivyokubaliana na Bangladesh. Vyema, basi mkataba huo tuuone.

Naomba semina hii isifungwe kabla hatujaandika barua kwa Wakala wa Nyuklia na Nishati, nakala kwa mabunge ya kaunti za Siaya, Homa Bay na Migori: mafuta yaliyotumika yatakaa wapi, nani atalipia, na je, kaunti inaweza kukataa? Tudai jibu la maandishi kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.