Liki nene huanza Februari

Msikilizaji, katika mtaa wa Northland, jijini Columbus, Marekani, wamefanya makao watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki. Wengine wako Louisville na Buffalo. Mkulima aliyetoka nyanda za juu za Kivu au za Kenya alizoea kufuata mvua. Huko hana budi kufuata jalidi.

Liki huhitaji takriban miezi minne baada ya kupandikizwa ili inenepe. Anayengoja joto la Mei ndipo asie mbegu, huenda akavuna mashina membamba kama kidole. Kwa hiyo mbegu husiwa Februari, ndani ya nyumba, katika visanduku vya udongo vilivyowekwa chini ya taa. Kuanzia Aprili, miche yenye unene wa penseli huhamishiwa bustanini. Buffalo, iliyo kaskazini zaidi, husubiri kidogo.

Toboa kwa kijiti mashimo ya sentimita 15, tumbukiza mche mmoja katika kila shimo, mwagilia maji, wala usifukie. Mche ukirefuka, pandishia udongo kuzunguka shina ili libaki jeupe. Usivuke pale majani yanapoachana, mchanga usije ukaingia ndani. Ongeza samadi iliyooza, na udongo usikauke.

Faida yake ni kubwa. Jalidi ya Oktoba ikishaua nyanya na bamia, liki husimama hadi Novemba, na familia huendelea kuchuma mboga yake yenyewe wakati bustani nyingine zimekwisha kuwa tupu.