Masuke kabla ya mvua

Msikilizaji wa Busia na Tororo, pita Tiira au Busitema uone mashimo ya wachimba dhahabu: udongo mwekundu umekaa wazi, mvua ikinyesha unateremka mtoni. Ukitaka kuufunika, anza na nyasi za hapahapa. Nyasi ya Rhodes, ambayo Kenya huitwa Boma Rhodes, ina asili ya Afrika, ingawa wengi huidhani ya kigeni.

Chuma masuke yakishageuka rangi ya kahawia. Yapukute kiganjani: mbegu ikidondoka yenyewe, imekomaa. Anika kivulini, hifadhi kwenye gunia la katani, si mfuko wa plastiki, maana huko itaoza. Na usiwe na haraka! Mbegu iliyochumwa karibuni hulala, haichipui. Ipe miezi kadhaa. Kisha ijaribu: hesabu 100, ziweke kwenye kitambaa chenye maji, uone ngapi zitachipua.

Mvua za masika zikikaribia, chimba vijifereji vya kukinga mteremko. Mbegu ni nyepesi kama manyoya, basi changanya na mchanga, mwaga, funika kidogo tu. Ukizifukia, umezizika.

Kule Baringo, Kenya, shirika la RAE limefufua ardhi iliyochakaa kwa nyasi za asili tangu 1982, na wenyeji huuza mbegu.

Ng'ombe wakae mbali mpaka nyasi ikomae. Lakini palipooshewa dhahabu kwa zebaki, usilishe mifugo kabisa. Hapo nyasi ni ya kushika udongo tu.