Pigano la Tembo Katika Televisheni



Nimeombwa niwaeleze vijana jinsi mwalimu mstaafu wa historia anavyopitisha jioni zake. Jibu ni fupi: natazama vita. Wajukuu wamenizoesha tamthilia za Thailand, na iliyonishika zaidi ni ile ya mwaka 2017 juu ya Mfalme Naresuan. Lugha yao siijui hata neno moja. Nasoma maandishi yapitayo chini ya picha, na yakipita upesi namwuliza mjukuu.

Naresuan alizaliwa mwaka 1555. Angali mtoto, Mfalme Bayinnaung wa Burma alimchukua mateka, ili baba yake aliyetawala Phitsanulok asithubutu kuasi. Wathai husimulia kwamba huko ugenini jogoo wa Naresuan alimshinda jogoo wa Mingyi Swa, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Burma. Mingyi Swa akamkejeli: kumbe jogoo wa mateka naye ni hodari! Naresuan akajibu kwamba jogoo huyo anafaa hata kuwekewa dau la nchi nzima. Mpaka leo watu huweka sanamu za majogoo mahali anapoheshimiwa mfalme huyo. Ukisikia jibu lile kutoka kinywani mwa mtoto, huhitaji kuambiwa kwamba wawili hawa watakutana tena.

Walikutana mwaka 1593, huko Nong Sarai. Mwaka 1584 Naresuan alikuwa amekwisha kutangaza kwamba Ayutthaya haiko tena chini ya Burma, na sasa yeye ndiye mfalme. Tembo wa vita wa Kithai alibeba watu watatu: mpiganaji shingoni, mwenye kumpa silaha katikati, na mwendeshaji nyuma kabisa. Tarihi za Wathai zasema tembo wa Naresuan alipandwa na ukali, akambeba mpaka katikati ya adui. Akamwona Mingyi Swa, akamwita watoke wapigane wawili, akamkata kwa upanga wa mpini mrefu. Tarihi za Burma zasema Mingyi Swa aliuawa kwa risasi. Aliyekufa ni yule yule, na vita ni vile vile.

Mtasema hayo ni ya kale. Sivyo. Mwezi Mei 2014 jeshi la Thailand lilipindua serikali, na mwezi uliofuata watawala wapya wakagawa tikiti za bure ili watu wakatazame filamu ya Naresuan yenye pigano hilo la tembo. Oktoba mwaka huo huo, mwandishi Sulak Sivaraksa alizungumza katika Chuo Kikuu cha Thammasat, akatia shaka kama pigano lilitokea kama linavyosimuliwa. Maofisa wawili wastaafu wa jeshi wakampeleka polisi kwa kifungu cha 112, sheria ya kumkashifu mfalme, ambayo adhabu yake ni kifungo cha miaka 3 hadi 15. Shauri likaning'inia mpaka Januari 2018, ndipo likafutwa. Mzee alikuwa na miaka 84. Mfalme anayedaiwa kukashifiwa alifariki mwaka 1605!

Mimi sisemi pigano halikuwapo. Wala siwakatazi kutazama. Tembo wale wakishikana pembe hata bibi yenu huacha kufuma. Lakini mtihani ukiuliza Mingyi Swa alikufaje, andikeni majibu yote mawili, mkataje na nani aliandika lipi. Mwalimu akiwakata alama, mleteni kwangu. (Kicheko.)

Sehemu ile ya jogoo nimemwachia mwalimu wenu wa historia. Ameahidi kuionyesha bwaloni Jumamosi baada ya chakula cha usiku. Viti vya mbele waachieni Kidato cha Kwanza, maana wao ndio wafupi.