Ziwa Letu ni Amana

(Maneno yaliyosomwa na Sheikh katika mkutano wa ukumbusho wa Jumuiya, Buyenzi, Bujumbura)

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. 

Nimeombwa niseme maneno machache katika siku hii ya kukumbuka kuanzishwa kwa Jumuiya yetu. Desturi ya siku kama hii ni kuwataja waliotutangulia na kuwaombea dua. Mola awarehemu wote. Lakini leo nataka kuwataja kwa jambo ambalo si desturi yetu kulitaja katika karamu, nalo ni biashara ya pembe.

Wengi wa wazee wetu walifika ukingo huu wa kaskazini ya ziwa wakitokea Ujiji, na Ujiji ulikuwa mji wa misafara. Wafanyabiashara walitoka pwani, wakapita Unyanyembe, wakafika Ujiji, kisha wakavuka ziwa kwenda Manyema. Mashuhuri katika hao alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip. Walitafuta pembe za tembo. Na haifai kuficha kwamba pamoja na pembe waliuzwa na wanadamu, na hilo ni doa ambalo hatuna haki ya kulipamba. Basi jiulizeni: kwa nini walizidi kwenda mbali? Kwa sababu tembo wa karibu walikuwa wamepungua. Kila palipokwisha, walisonga mbele, na kila aliyesonga mbele alisema moyoni mwake kwamba mbele wako tele.

Leo nchi hii ya Burundi haina tembo hata mmoja wa porini. Mtoto wa chuoni kwetu amjua tembo kwa picha tu, na kwa Sura inayoitwa kwa jina lake. Kilichodhaniwa kuwa hakina mwisho kimekwisha. Nami sikusimama hapa kuwalaumu maiti. Nimesimama kwa kuwa nasikia maneno yale yale yakisemwa leo juu ya Ziwa Tanganyika: “Ziwa ni kubwa, haliwezi kwisha.”

Kweli ziwa ni kubwa. Urefu wake ni kilomita 670 hivi, na kina chake chafika mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni moja tu linalolizidi kina, nalo ni Baikal la huko Urusi. Mna samaki wa mamia ya namna, na wengi wao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Lakini sikilizeni jambo moja. Mito mingi huingia ziwani, ila mto utokao ni mmoja tu, nao ni Lukuga, upande wa Kongo. Kwa hiyo maji yaingiayo hukaa humo mamia ya miaka. Tunachokitupa leo, wajukuu wa wajukuu zetu watakikuta.

Tena, si ziwa zima lenye uhai wa samaki. Wataalamu wametufahamisha kwamba chini ya mita 100 hadi 200 hivi maji hayana hewa, na samaki hawezi kuishi humo. Riziki yetu yote imo katika tabaka ya juu. Upepo wa kusi uvumapo, kuanzia mwezi wa Mei hata Septemba, huyakoroga maji na kukipandisha juu kile chakula kilichotuama chini, na hapo dagaa hunenepa, na mukeke huwala dagaa, nasi twamla mukeke. Sasa jua la dunia limezidi ukali, na maji ya juu yamepata joto, na maji ya moto hayachanganyiki upesi na ya baridi. Mwaka 2016 wanachuoni waliochimba matope ya chini ya ziwa na kuyasoma kama mtu asomavyo daftari walitangaza kwamba samaki walianza kupungua tangu joto hilo lilipoanza kuzidi, hata kabla ya uvuvi mkubwa wa zama zetu.

Huenda mtu akasema: “Basi kosa si letu, kosa ni la joto.” La, ndugu yangu. Ikiwa baba yako ni mgonjwa, je, utamnyima na maji? Kiumbe aliyekwisha dhoofika ndiye ahitajiye kuhurumiwa zaidi. Nasi twamfanyia nini? Twakokota nyavu za macho madogo ukingoni, na wengine hata vyandarua vya mbu, tukazoa watoto wa samaki katika matete walikokimbilia. Twalima milimani pasipo kuacha mti wala kuchimba tuta, na mvua inyeshapo udongo huteremka ukafunika mawe ambayo samaki hutaga mayai yao. Na Mto Ntahangwa, unaopita hapa jirani, tumeufanya jaa. Serikali ilitoa amri mwaka 2018 ya kukataza mifuko ya plastiki, na muda uliotolewa ulikwisha mwaka 2020. Lakini amri hukaa katika karatasi, na taka hukaa katika mto. Chupa za maji tunywazo katika harusi na maulidi, nani miongoni mwetu aliyeuliza kesho yake zimekwenda wapi?

Enyi ndugu, dini yetu haikunyamaza juu ya haya. Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama sisi, na kwamba uharibifu wa bara na bahari huzaliwa na mikono ya watu. Mtume wetu, Sallallahu Alayhi Wasallam, aliufanya mji wa Madina kuwa mahali patakatifu, miti yake isikatwe wala mawindo yake yasifukuzwe. Imepokewa kwamba alimkuta Saad akitawadha kwa maji mengi akamkataza israfu, na Saad alipostaajabu, akaambiwa kuwa hukumu ni hiyo hiyo ijapokuwa yupo kwenye mto upitao. Fikirini! Mto wapita, maji hayapungui kwa wudhu wa mtu mmoja, na bado ni israfu. Kwa sababu adabu haipimwi kwa wingi wa kitu, bali kwa moyo wa mwenye kukitumia. Na mnajua habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Basi nini hali ya mwenye kuwatilia sumu maji viumbe wote wa ziwa, na viboko wa Rusizi ambao jioni hutoka majini kutafuta majani?

Sasa nitasema jambo la kujishtaki nafsi yangu. Nilipata kuhutubu siku ya Ijumaa juu ya vyandarua na watoto wa samaki, na nikasema kwa ukali. Baada ya sala alinifuata mvuvi mmoja, mtu mzima, mwenye mikono iliyopasuka kwa kamba. Akaniamkia kwa heshima, kisha akasema: “Shehe, uliyoyasema ni haki. Lakini wewe leo umepika, na mimi sijapika. Nikiacha wavu huu, watoto wangu wale hotuba?” Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani, nikaletewa chakula, na chakula chenyewe kilikuwa dagaa, wadogo sana. Sikuuliza walivuliwa kwa wavu gani. Nilijua.

Tangu siku hiyo nimefahamu kwamba anayemkataza mwenzake riziki yampasa amsaidie kupata nyingine. Na mnunuzi ni mshirika wa mvuvi. Tusiponunua wachanga, hatavua wachanga.

Mvuvi hakosi saburi. Siku za mwezi mpevu taa zake hazina kazi, naye hukaa pwani akishona nyavu. Mola amempa likizo kila mwezi. Na wenzetu wa Tanzania mwaka 2024 walisimamisha uvuvi wa ziwa hili upande wao, tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, kufuatana na mapatano ya nchi za ziwa, ili samaki wazaane. Nchi zenye ziwa ni nne: sisi, Kongo, Tanzania na Zambia, na sehemu yetu sisi ni ndogo, haifiki hata sehemu moja katika kumi. Lakini samaki hana pasi ya kusafiria. Anayevua wachanga Bujumbura amemla samaki wa Kigoma na wa Uvira. Ziwa lapumzika kama sisi tunavyofunga Ramadhani: kwa muda unaojulikana, kwa pamoja, na kwa kumkumbuka mwenye njaa.

Hapa ndipo penye ombi langu kwa Jumuiya. Tumezoea kuweka fungu la mayatima na fungu la maziko. Nawaomba leo, katika ukumbusho huu, tuweke na fungu la wavuvi, ili ziwa linapofungwa, nyumba ya mvuvi isizime moto. Bila ya fungu hilo, maneno yetu yote juu ya ziwa yatakuwa maneno ya walioshiba.

Na jambo la taka nalo tusilione kuwa ni elimu mpya. Buyenzi hii ni mtaa wa mafundi. Gari lililokufa hapa hufufuka. Bati kuukuu huwa jiko, mpira wa gurudumu huwa viatu, na chuma hakitupwi hata kiliwe na kutu. Baba zetu hawakuliita jambo hilo kwa jina lolote kubwa. Waliona haya tu kutupa kitu chenye faida. Basi tuifanyie chupa ya plastiki kama tunavyoifanyia bati: ikusanywe, ioshwe, itumiwe tena, au auziwe mwenye kuinunua.

Kwa hiyo nawaombeni mambo manne. Kwanza, fungu la wavuvi nililolitaja. Pili, katika walima, maulidi na futari zetu, turudi kwenye sinia, vikombe na mitungi, na anayeleta chupa aondoke nazo. Tatu, matumbo na damu ya wanyama wa Idi yafukiwe, yasitupwe Ntahangwa. Nne, kila mwanafunzi wa chuo apande mti na autunze mpaka ushike, maana Mtume wetu ametuhimiza kupanda mche ulio mkononi hata kama Kiyama kimesimama.

Wazee wetu walituachia dini, na lugha, na mtaa huu. Hawakutuachia tembo. Siku itakuja ambapo wajukuu zetu watakutana kama hivi na kutuombea dua. Namwomba Mola, watakapomaliza dua hiyo, wateremke ufukweni na wakute mukeke.

Ewe Mola wetu, utusamehe tuliyoyaharibu, utupe nguvu ya kutengeneza, na uwabariki wavuvi wetu katika riziki ya halali. Wabillahi taufiki. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.